Katia Krafft, Mwanamke Aliyezifuata Volkano

Katia Krafft alikuwa mwanasayansi Mfaransa aliyechunguza volkano kwa zaidi ya miaka 20. Katika muda huo yeye na mumewe, Maurice, walifika kwenye volkano zaidi ya 150, kuanzia kisiwa cha baridi cha Iceland hadi misitu ya Indonesia, na kutoka Hawaii hadi Kongo na Tanzania. Watu wengi wakisikia mlima unalipuka hukimbia. Katia na Maurice walifunga mizigo wakaenda kuutazama. Walitaka kujua mlima unafanya nini saa ile ile unapolipuka, kabla lava haijapoa na majivu hayajatulia.

Ili kuelewa kazi yao, kwanza inabidi kuelewa mlima wenyewe.

Mlima wenye moto ndani

Ardhi inayokanyagwa kila siku ni ganda la mwamba mgumu. Chini ya ganda hilo, makumi ya kilomita kwenda ndani, kuna joto kali mno. Mahali pengine joto hilo huyeyusha mwamba, ukawa uji wa moto. Mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi huitwa magma. Kwa kuwa magma ni nyepesi kuliko miamba inayoizunguka, hupanda polepole na kujikusanya chini ya mlima. Ikipata ufa, hutoka nje, na ikishatoka huitwa lava. Shimo lililo kileleni, ambamo moshi na lava hutokea, huitwa kreta.

Mlima wa volkano hujijenga wenyewe. Kila unapolipuka huacha tabaka jipya la lava au majivu juu ya lile la zamani, na baada ya maelfu ya miaka panakuwa na mlima mrefu. Kilimanjaro, Meru na Mlima Kenya ilijengwa kwa njia hiyo. Majivu ya volkano, hata hivyo, hayafanani na majivu ya jikoni. Ni chembe ndogo sana za mwamba na kioo, zenye makali, nazo hukwaruza macho na mapafu na zinaweza kubomoa paa zikirundikana.

Ndani ya magma kuna kitu kingine, nacho hakionekani kwa macho: gesi. Nyingi ni mvuke wa maji. Nyingine ni kaboni dayoksaidi, na nyingine ni gesi za salfa zinazochoma koo. Chini kabisa gesi hizo zimebanwa ndani ya magma. Magma inapopanda, mbano hupungua na gesi huanza kuwa mapovu. Mapovu hayo ndiyo yanayousukuma mlipuko.

Jikoni jambo hili linaonekana vizuri. Maji ya chai yakichemka, mapovu hupanda, hupasuka, na hakuna anayedhurika. Ugali ukitokota, mapovu hukwama ndani ya uji mzito, na yakipata upenyo hurusha matone yanayomuunguza msongaji mkononi. Magma nayo ipo nyepesi na ipo nzito. Magma nyepesi huziachia gesi zake kwa urahisi, kisha lava hububujika na kutiririka. Magma nzito huzishikilia gesi hadi zinapozidi nguvu, na mlima hupasuka.

Maurice Krafft alipenda kuziita volkano za aina ya kwanza nyekundu na za aina ya pili kijivu. Volkano nyekundu humwaga mito ya lava inayong'aa. Mara nyingi mtu mzima anaweza kuuona mto huo ukija na kuupisha. Volkano ya kijivu hurusha majivu na mawe angani, na jambo la kutisha zaidi, hutoa mawingu ya majivu na gesi yenye joto la mamia ya nyuzi, yanayoteremka mlimani kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Hakuna mtu anayeweza kuyakimbia. Tarehe 8 Mei 1902 wingu la namna hiyo lilishuka kutoka mlima Pelée katika kisiwa cha Martinique na kuteketeza mji wa Saint-Pierre. Watu wapatao 28,000 walikufa kwa dakika chache.

Mgawanyo huu wa rangi mbili ni mwepesi mno kwa wataalamu, maana kuna milima inayobadilika, leo ikitiririsha na kesho ikilipua. Kwa anayeanza kujifunza, lakini, hakuna njia bora kuliko hii. Maisha ya Katia nayo yanaweza kusimuliwa kwa rangi hizo hizo: kwanza nyekundu, kisha kijivu.

Msichana wa Alsace

Katia alizaliwa tarehe 17 Aprili 1942 huko Alsace, mashariki mwa Ufaransa, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Catherine Conrad. Alsace haina volkano iliyo hai. Iliyo karibu ni Kaiserstuhl, vilima vya volkano iliyozimika mamilioni ya miaka iliyopita, ng'ambo ya mto Rhine upande wa Ujerumani, na leo watu hulima mizabibu juu yake. Mtoto wa huko alizijua volkano kwa picha na filamu tu. Kwa Katia hizo zilitosha kuamsha hamu.

Katika Chuo Kikuu cha Strasbourg alisoma fizikia na kemia. Alichagua kuchunguza gesi za volkano, na uchaguzi huo ulikuwa wa busara. Gesi huwa nyepesi kuliko magma, hivyo hutangulia kufika juu. Gesi ya salfa ikiongezeka ghafla kwenye kreta, huenda magma mpya iko njiani. Anayejua kuzisoma gesi anaweza kupata habari za mlima kabla haujalipuka. Shida ni kwamba gesi lazima zikusanywe zinapotokea, yaani kwenye ufa wenyewe, palipo moto na pasipovutika pumzi. Mwaka 1969 alipata tuzo ya Ufaransa inayotolewa kwa vijana walioonyesha wito wa pekee katika kazi zao, na tuzo hiyo ilimsaidia kuendelea.

Huko Strasbourg, miaka ya 1960, alikutana na Maurice Krafft, mwanafunzi wa jiolojia, naye pia mtoto wa Alsace. Maurice alikuwa na bahati ambayo Katia hakuwa nayo: akiwa na umri wa miaka 7 wazazi wake walimpeleka Italia, akaiona Stromboli, volkano iliyo katikati ya bahari ambayo hurusha lava mara kwa mara mchana na usiku. Vijana hawa wawili walianza kuzungumza juu ya volkano na hawakuacha tena. Walioana mwaka 1970.

Hawakuajiriwa na chuo chochote. Waliamua kuwa huru, ili mlima ukilipuka wasihitaji kuomba ruhusa ya bosi. Uhuru huo uligharimu pesa nyingi, kwa kuwa tiketi za ndege, kamera na mavazi maalumu havikuwa rahisi. Walijikimu kwa kuandika vitabu, kuuza picha na kutoa mihadhara. Waligawana kazi: Katia alipiga picha za kawaida na kupima gesi na joto, Maurice alipiga filamu. Katia ndiye aliyepanga safari na kutunza kumbukumbu. Katika televisheni Maurice ndiye aliyesikika zaidi kwa sababu ya sauti yake kubwa na utani wake, na baadhi ya watu wakadhani mke ni msaidizi tu. Walikosea.

Kazi kwenye lava

Vifaa vyao vilionekana vya ajabu. Walivaa suti za rangi ya fedha zilizorudisha joto nyuma, ili waweze kusogelea lava kwa muda mfupi. Vichwani walivaa kofia ngumu za kuzuia mawe yanayoanguka kutoka angani. Walikuwa na barakoa za gesi, vipimajoto vya waya mrefu vya kuchovya kwenye lava, nyundo za kuvunjia miamba, na chupa za kunasia gesi. Lava ya kawaida ya volkano nyekundu ina joto la takribani nyuzi 1,100 hadi 1,200 za Selsiasi, yaani zaidi ya mara 11 ya joto la maji yanayochemka.

Mwezi Januari 1973, katika kisiwa kidogo cha Heimaey huko Iceland, ardhi ilipasuka usiku karibu kabisa na nyumba za watu. Kwa bahati njema boti za wavuvi zilikuwa bandarini, na wakazi wapatao 5,000 walivushwa usiku huo huo. Akina Krafft walifika na kupiga picha za nyumba zikizikwa na majivu meusi. Huko waliona jambo lisilo la kawaida: watu wakipigana na lava. Wazima moto walivuta maji ya bahari kwa pampu na kuyamwagia lava kwa miezi kadhaa, ikapoa, ikaganda na kusimama kabla haijafunga mlango wa bandari. Bandari ilipona na inatumika hadi leo.

Miaka hiyo ya 1970 walifika pia Nyiragongo, mashariki mwa Kongo, karibu na mji wa Goma. Wakati huo kreta ya Nyiragongo ilikuwa na ziwa la lava, ziwa kweli kweli, lenye mawimbi mekundu yaliyokuwa yakipasuka na kurukaruka. Kulifikia ilibidi kushuka kwa kamba kwenye kuta za kreta zenye urefu wa mamia ya mita. Lava ya Nyiragongo ni nyepesi sana. Tarehe 10 Januari 1977 kuta za mlima zilipasuka na ziwa lote likamwagika kwa muda usiozidi saa moja, likakimbia kuelekea vijijini kwa kasi ambayo haijazoeleka kwa lava, na likaua watu wengi. Kwa hiyo hata volkano nyekundu huua.

Katika eneo hilo hilo kuna hatari nyingine ambayo Katia, kama mtaalamu wa gesi, alikuwa na kila sababu ya kuijua. Kaboni dayoksaidi hutoka ardhini kimya kimya, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hujikusanya kwenye mabonde na mashimo. Haina rangi wala harufu. Mbuzi au mtoto akiingia shimoni asubuhi kabla upepo haujaipeperusha, anaweza kukosa pumzi na kufa. Wakazi wa Goma huiita mazuku, na wataalamu wa dunia nzima wamelichukua jina hilo na kulitumia katika maandishi yao.

Safari nyingine haikuwa ya busara. Mwaka 1971, kwenye mlima Ijen huko Java, Indonesia, Maurice aliingia na mwenzake katika ziwa la kreta wakiwa ndani ya mtumbwi wa mpira. Maji ya ziwa lile ni asidi kali. Waya wa chuma waliouteremsha kupima kina ulilika ndani ya maji. Katia alikataa kupanda mtumbwi ule, akabaki ufukweni akiwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya haki. Maurice mwenyewe aliwahi kuungua mguu kwenye tope la moto huko Iceland, lakini hilo halikumfunza sana.

Lava ya magadi

Mwaka 1988 kazi yao iliwaleta kaskazini mwa Tanzania, kwenye mlima Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Mlima huu una urefu wa karibu mita 2,960 na Wamaasai wanauheshimu kuwa mahali patakatifu. Kwa wataalamu wa volkano hakuna mlima mwingine wa kufanana nao, kwani ndio volkano pekee iliyo hai duniani ambayo hutoa lava ya kabonati. Lava nyingine zote zina silika kwa wingi, ambayo ni kitu kile kile kilichomo katika mchanga na kioo. Lava ya Lengai imejaa sodiamu na kaboni, vitu vile vile vinavyofanya magadi.

Maurice na mwanajiolojia Mjerumani Jörg Keller walipima joto la lava hiyo mwaka huo. Vipimo vilikuwa kati ya nyuzi 491 na 544 za Selsiasi, chini ya nusu ya joto la lava ya kawaida. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1989 katika jarida la Science. Kwa sababu ya joto hilo dogo, lava ya Lengai haing'ai mchana. Huonekana nyeusi au ya kahawia, na hutiririka kwa wepesi wa ajabu. Usiku tu ndipo wekundu hafifu huonekana. Ikishaganda hunyonya unyevu wa hewani na kugeuka nyeupe, ndiyo maana watu walioutazama mlima kwa mbali walidhani una theluji. Moja ya madini yaliyomo katika lava hiyo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Julius Nyerere, rais wa kwanza wa Tanzania.

Keller alitoka Chuo Kikuu cha Freiburg, mji ulio jirani na vilima vya Kaiserstuhl. Ndani ya vilima hivyo kuna miamba ya kabonati ya kale, jamaa wa mbali wa lava ya Lengai. Volkano iliyozimika karibu na Alsace alikozaliwa Katia ilikuwa na ndugu aliye hai katika Bonde la Ufa.

Milima ya kijivu

Kufikia hapo, lakini, mawazo ya akina Krafft yalikuwa yameshahamia kwenye volkano za kijivu. Mabadiliko hayo yalianza tarehe 18 Mei 1980, saa mbili na nusu asubuhi, huko Marekani. Mlima St. Helens, uliokuwa umevimba upande mmoja kwa wiki kadhaa, ulitikiswa na tetemeko, na upande wake wote wa kaskazini ukaporomoka. Magma iliyokuwa imebanwa ndani ililipukia ubavuni. Mlima ulipoteza karibu mita 400 za urefu wake, na watu 57 walikufa. Mmoja wao alikuwa David Johnston, mtaalamu kijana aliyekuwa akiuchunguza kutoka kilomita zipatazo 10. Wengi walidhani umbali huo ulitosha.

Katia na Maurice walikwenda kuyaona mabaki: misitu iliyolazwa chini, miti yote ikielekea upande mmoja. Kuanzia hapo walitumia muda mwingi zaidi kwenye milima inayoua. Mwaka 1983 walifika Una-Una, kisiwa kidogo cha Indonesia, baada ya wakazi wake wote kuhamishwa. Mlipuko mkubwa ulipokuja uliteketeza sehemu kubwa ya kisiwa, minazi na nyumba, lakini hakuna mtu aliyekufa, kwa sababu wataalamu walionya na watu waliondoka. Una-Una ni mfano ambao husahaulika kwa sababu ulikwenda vizuri.

Miaka miwili baadaye mambo yalikwenda vibaya. Nchini Kolombia kuna volkano inayoitwa Nevado del Ruiz, yenye urefu wa zaidi ya mita 5,000, na kilele chake kimefunikwa na barafu. Mwezi Oktoba 1985 wataalamu walitoa ramani iliyoonyesha maeneo yatakayopata hatari mlima ukilipuka. Mji wa Armero ulikuwa ndani ya eneo la hatari. Ramani haikuchukuliwa kwa uzito uliostahili. Tarehe 13 Novemba, baada ya saa tatu usiku, mlima ulilipuka. Mlipuko haukuwa mkubwa, lakini uliyeyusha sehemu ya barafu, na maji yakachanganyika na majivu na udongo kuwa tope zito lililoteremka mabondeni likizoa mawe na miti. Tope hilo lilichukua zaidi ya saa mbili kufika Armero. Muda huo ungetosha watu kupanda kwenye vilima vya jirani kwa miguu. Hawakuambiwa wapande. Watu wapatao 23,000 walikufa.

Akina Krafft walifika Kolombia wakapiga picha za tope na maiti. Jambo lililowauma halikuwa mlima, maana mlima ulifanya yaliyo ya mlima. Kiliwauma kitu kingine: habari zilikuwepo na hazikusadikiwa. Maneno kama «wingu la moto» au «mafuriko ya tope» hayakumwambia kitu meya au waziri ambaye hajawahi kuyaona. Walio na picha za mambo hayo yakitokea walikuwa wachache sana duniani, na Katia na Maurice walikuwa miongoni mwao.

Wakaamua kutengeneza filamu ya kufundishia. Walishirikiana na chama cha kimataifa cha wataalamu wa volkano, kwa msaada wa UNESCO. Filamu hiyo ilionyesha kwa lugha rahisi hatari za volkano moja baada ya nyingine: majivu, lava, gesi, mawingu ya moto, mafuriko ya tope, na kinachobaki baada ya kila moja. Haikukusudiwa kuburudisha. Ilikusudiwa kumtisha mtu kiasi cha kumfanya aondoke nyumbani kwake kwa wakati. Kwa maoni ya wengi katika fani hii, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote walizofanya.

Ili kuikamilisha walihitaji picha zaidi za mawingu ya moto, na hizo hupatikana karibu na mlima wa kijivu unaolipuka tu.

Juni 1991

Mlima Unzen uko katika kisiwa cha Kyushu, kusini mwa Japani. Ulikuwa umelala tangu mwaka 1792, na ukaamka Novemba 1990. Mwezi Mei 1991 lava nzito ilianza kusukumwa juu kileleni ikajenga kuba. Kila kipande cha kuba kilipovunjika, wingu la moto liliteremka bondeni. Katia na Maurice walifika, wakaungana na Harry Glicken, mtaalamu Mmarekani. Mwaka 1980 Glicken alikuwa amekaa kwenye kituo cha kuuchunguza mlima St. Helens, na siku ya mlipuko David Johnston ndiye aliyeshika zamu badala yake.

Tarehe 3 Juni, saa kumi alasiri, walikuwa upande wa bonde pamoja na waandishi wa habari wengi. Mawingu ya siku zilizotangulia yalikuwa yamefuata mkondo wa bonde na kuishia mbali nao. La siku hiyo lilikuwa kubwa zaidi. Sehemu nzito ilifuata bonde, lakini sehemu nyepesi ya majivu na gesi ya moto ilichomoka, ikapanda juu ya ukingo na kuwafikia. Watu 43 walikufa, miongoni mwao wanahabari, wazima moto, madereva wa teksi, Glicken, na akina Krafft wote wawili. Katia alikuwa na umri wa miaka 49, Maurice 45.

Wapo waliosema kwamba wawili hao walikuwa wazembe. Ni kweli kwamba walikaribia mno, na siku hizi mtaalamu makini angesimama mbali zaidi na kutumia kamera zinazoachwa peke yake, ndege zisizo na rubani na setilaiti. Vifaa hivyo havikuwepo, au vilikuwa vichache, katika miaka yao. Picha walizopata kwa ukaribu huo hazikuwa na mbadala.

Thamani yake ilionekana katika wiki hizo hizo, huko Ufilipino. Mlima Pinatubo, uliokuwa umelala kwa karibu miaka 500, ulikuwa umeanza kutoa moshi mwezi Aprili. Wengi walioishi miteremkoni hawakujua hata kwamba ni volkano. Wataalamu wa Ufilipino, wakiongozwa na Raymundo Punongbayan, pamoja na wenzao wa Marekani, walihangaika kuwashawishi viongozi. Walikuwa na nakala ya filamu ya akina Krafft, ambayo ilikuwa bado haijakamilika. Waliionyesha kwa maofisa, wanajeshi, walimu na wananchi, na Rais Corazon Aquino naye aliiona. Filamu hiyo ilisaidia kuwashawishi waliokuwa wakibisha.

Makumi ya maelfu ya watu walihamishwa. Tarehe 15 Juni 1991, siku 12 baada ya kifo cha Katia, Pinatubo ulilipuka. Mlipuko huo ulikuwa mmoja wa milipuko mikubwa kuliko yote ya karne ya 20. Dhoruba kali ya kimbunga ilipita siku hiyo hiyo, majivu yakalowa na kuwa mazito, na mapaa mengi yakaporomoka, ndiyo maana mamia ya watu walikufa. Wataalamu wanakadiria kwamba bila tahadhari zile wangekufa watu wengine wasiopungua 5,000. Gesi ya salfa iliyorushwa juu angani ilitanda duniani kote ikapunguza joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja hivi. Gesi hizo zilikuwa somo la Katia tangu ujana wake.

Kilichobaki

Maelfu kwa maelfu ya picha za Katia na filamu za Maurice zimehifadhiwa, na bado hutumika kufundishia. Mwaka 2022 mtengenezaji filamu Sara Dosa alitoa Fire of Love, filamu iliyoundwa hasa kwa picha zao wenyewe. Katika kisiwa cha Réunion, Bahari ya Hindi, kreta iliyozaliwa mwaka 1998 kwenye volkano ya Piton de la Fournaise ilipewa majina yao. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa volkano nacho kina Medali ya Krafft, inayotolewa kwa watu waliotumikia fani hiyo au jamii zinazoishi chini ya volkano.